Haijafungwa, Imesogezwa

Waheshimiwa madiwani wa mji wetu hawasomi. Sisemi hawajui kusoma. Wanajua, na simu zao wanazisoma tangu kikao kinafunguliwa mpaka kinaahirishwa. Nasema hawasomi yale makaratasi ambayo wananchi waliwachagua wakayasome. Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu wa Baraza la Mji kwa miaka kumi na minne. Kila kikohozi chao nimekiandika, na kwa miaka yote hiyo sikuona hata mmoja akifika ukurasa wa pili wa kazi yangu. Wakizigusa kumbukumbu ni kwa kutafuta pa kuweka kikombe cha chai.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi, na tafadhali uushike, maana ndio uliowaponza. Baraza hukutana mara moja kwa mwezi. Kabla ya mambo mapya, Mwenyekiti anapitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, ukurasa mmoja mmoja. Anauliza, "Ukurasa wa kwanza?" Wao wanaitikia, "Sawa!" Anauliza, "Ukurasa wa pili?" Wanaitikia, "Sawa!" Kanuni inampa kila diwani nafasi ya kusimama aseme, hapana, mimi sikusema hivi. Hakusimama mtu. Zikiisha kurasa, Mwenyekiti anatia saini, mimi nagonga muhuri, na nakala moja inabandikwa kwenye ubao wa vioo nje ya lango ili wananchi waone Baraza lao limeamua nini. Kuanzia hapo kilichoandikwa ndicho kilichoamuliwa.

Sasa nikueleze kuhusu mama yangu, maana bila yeye nisingekuwa na habari ya kusimulia.

Mama alikuwa fundi cherehani. Miaka thelathini na zaidi alishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Sukari ilipomshika, ikamwendea huohuo mguu wa kulia. Akapata kidonda chini ya kidole gumba, na kidonda cha mwenye sukari hakina adabu, hakijui kupona. Lakini hatukuwa na wasiwasi sana, kwa sababu zahanati ilikuwa mtaa huohuo. Hatua sitini na tatu kutoka mlangoni kwetu. Alizihesabu mwenyewe, fundi yule, haachi kupima kitu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anashika mkongojo wake, anakwenda, Nesi anamsafisha, anamfunga bandeji safi, wanapiga soga, anarudi. Nesi alikuwa amesema tangu mwanzo, "Mama, hiki tukikiangalia hakina neno. Tukikiacha, kitatuaibisha."

Na Mama hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Ukienda kwake na suruali haikuingii, alikuambia umenenepa. Wateja wengine walinuna, lakini walirudi, kwa sababu nguo zake zilikaa.

Basi mwaka huo Baraza likaajiri mtaalamu. Cheo chake kilikuwa kirefu kuliko tai yake: Mshauri wa Mkakati wa Mawasiliano na Taswira. Sisi wa ofisini tukambatiza Bwana Taswira. Mtu wa makamo, viatu bila soksi, anatabasamu hata akikuuliza choo kiko wapi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafanyia madiwani semina, na mimi ndiye niliyemchapia karatasi ya kugawa. Ilikuwa na safu mbili. Ya kushoto imeandikwa "Epuka", ya kulia "Tumia". Epuka mgao wa maji, tumia ratiba ya maji. Epuka kubomoa, tumia kufungua nafasi. Epuka wagonjwa, tumia wapokeaji wa huduma. Epuka kufunga, tumia kusogeza.

"Waheshimiwa," akasema, huku anatembea katikati ya viti, "anayelipatia jambo jina ndiye anayelishinda. Mpinzani wako akikubali kutumia neno lako, ameshakaa kwenye kiti chako. Wewe ndiye utakayeamua asimame lini."

Wakampigia makofi. Loh! Watu wazima na mvi zao, wanafundishwa kuwapaka wananchi mafuta kwa mgongo wa chupa, na wanaandika kwenye madaftari! Ndiyo siku pekee niliyowaona wakiandika.

Nami nikiri, maana nisipokiri nitakuwa kama wao. Nilicheka. Niliona ni mchezo. Na wiki mbili baadaye ilipoletwa hoja ya kuchapwa, "Hoja ya Kusogeza Huduma za Afya Karibu na Mwananchi", niliona kwenye kiambatisho, kwa herufi ndogo, jina la zahanati ya mtaani kwetu. Nililichapa kwa vidole vyangu hivi. Nikanyamaza. Nikajiambia, litajadiliwa, diwani wetu yupo, hawezi kukubali. Mjinga mimi! Miaka yote ile ya kuwaandika, nikasahau ni watu gani.

Diwani wa kata yetu sote tulimwita Seremala, kwa kuwa ndiyo kazi yake mpaka leo, na vikaoni alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mtu mzuri, mkweli, ila ulimi wake mzito. Hoja iliposomwa akasimama.

"Mwenyekiti, mimi napinga."

"Unapinga nini, mheshimiwa?" akauliza Mwenyekiti. "Taja hoja kwa jina lake, kama kanuni inavyotaka."

Seremala akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akasoma. "Napinga Kusogeza Huduma za Afya Karibu na Mwananchi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Diwani mmoja akagonga meza. "Jamani, njooni mwone! Mtu anakataa huduma isimkaribie mwananchi!"

"Sikatai hilo," Seremala akasema, na jasho limeanza kumtoka. "Nakataa zahanati yetu kufungwa."

"Neno kufunga halimo kwenye hoja, mheshimiwa. Jikite kwenye hoja."

"Basi nakataa huko kusogeza."

"Unataka huduma ziwe mbali?"

"Hapana! Nani kasema?"

"Kwa hiyo unaunga mkono. Ahsante, keti."

Akaketi. Bwana Taswira alikuwa nyuma ya ukumbi, amekunja nne, anatabasamu lile tabasamu lake. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Kumi na tisa wakakubali. Aliyekataa hakuna. Seremala mikono yake ilibaki chini ya meza, na baadaye nje aliniambia, "Dada, hata sikujua niinyooshe kwa lipi." Nikamwambia pole. Moyoni nilitaka kumzaba kofi, kisha nikakumbuka kiambatisho, nikaona kofi linanistahili mimi.

Jumatatu iliyofuata Mama akashika mkongojo akaenda. Mlango una kufuli, na juu yake bango jipya, maandishi ya kupendeza, picha ya familia inacheka meno yote nje. "Mpendwa mpokeaji wa huduma, huduma yako sasa imesogezwa karibu nawe." Chini kabisa likaelekeza hospitali kuu, ng'ambo ya mji, magari mawili na foleni ya kukata tamaa. Mama alivaa miwani akalisoma lote, akarudi nyumbani, akaketi kitandani.

"Mwanangu," akaniambia nilipotoka kazini, "wameandika imesogea karibu nami. Nimegeuka nyuma kutazama, sikuiona."

Nilimpeleka hospitali kuu mara moja tu. Tuliondoka asubuhi tukarudi alasiri, na mguu umevimba hauingii kwenye kiatu. Daktari alisema kidonda kisafishwe kama kawaida, karibu na nyumbani. Karibu na nyumbani! Nilitamani kumwonyesha lile bango. Mama akaapa harudi tena kule. Nikampigia Nesi simu. Naye walikuwa wamemsogeza, wamemweka kwenye dirisha la kuandika kadi, mkunga mzima na mtibu vidonda wa miaka ishirini. Akawa ananielekeza kwa simu, nami namsafisha Mama jioni nikitoka kazini. Nilijitahidi. Lakini mikono yangu ni ya kuchapa, si ya kutibu, na Nesi mwenyewe alisema kuna vitu huwezi kuviona mpaka uvione.

Mama hawezi kuinama, mgongo haumruhusu. Kwa hiyo kila jioni ananiuliza, "Kikoje?"

"Kinaendelea vizuri, Mama," namwambia.

Wiki ya tatu niliomba kuonana na Mwenyekiti. Nilimkuta ofisini kwake na Bwana Taswira amejitandaza kwenye kochi.

"Mheshimiwa, nimekuja kuhusu zahanati iliyofungwa."

"Zahanati iliyofungwa?" Akakunja uso kana kwamba nimemtajia nchi ya ng'ambo. "Sina habari ya zahanati iliyofungwa."

"Ya mtaani kwetu."

"Ahaa. Ile haijafungwa, imesogezwa."

"Ina kufuli mlangoni."

"Kufuli ni ulinzi wa mali ya umma. Ulitaka tuiache wazi waibe madirisha?"

"Mama yangu ana kidonda mguuni, na kinaharibika."

"Pole sana," akasema, na nadhani kwa sekunde moja alikuwa na maana hiyo kweli. Lakini Bwana Taswira akainua kidole.

"Karani, samahani. Tujizoeze kutosema kidonda. Kinaleta taswira mbaya."

Nikamgeukia. "Tukiite nini?"

"Changamoto ya mguu."

Nikamtazama yule mtu kuanzia nywele mpaka vile viatu visivyo na soksi. Nikaaga kwa heshima zote, nikarudi mezani kwangu, nikafungua droo, nikatoa Kanuni za Baraza. Kile kitabu nilikijua kuliko wao, maana ni mimi niliyekuwa nakitolea nakala. Na kuna kifungu kimoja humo ambacho hakuna karani aliyewahi kukifuata, hata mimi: kumbukumbu ziandikwe kwa lugha nyepesi, ambayo mwananchi wa kawaida ataielewa bila kuelezwa.

Ala! Kumbe ruhusa nilikuwa nayo miaka yote hii.

Nikaandika. Ukurasa wa kwanza mpaka wa tatu ni mambo ya kawaida, sala, waliohudhuria, barabara. Ukurasa wa nne niliuandika hivi: "Baraza limeamua kufunga zahanati. Wagonjwa wake watakwenda hospitali kuu, magari mawili kutoka hapo. Diwani wa kata alipotaka kusema kwamba zahanati inafungwa, alikatazwa kulitaja neno hilo. Madiwani wengine walicheka. Hakuna aliyeuliza wagonjwa wasioweza kutembea watafanyaje. Waliokubali zahanati ifungwe ni hawa." Kisha nikaorodhesha majina kumi na tisa, la Mwenyekiti juu. Sikutia chumvi, sikupunguza. Yote yalitokea mbele ya macho yangu.

Siku mbili kabla ya kikao, nikimfungua Mama bandeji, niliona kidole kimebadilika rangi. Kilikuwa kijivu, na kando ya ukucha cheusi. Nikampigia Nesi pembeni. Akanikatisha kabla sijamaliza. "Mlete hospitali. Mlete kesho asubuhi, usingoje."

Nikarudi chumbani. Mama akauliza, "Kikoje?"

Ningesema. Neno lilikuwa limefika kooni kabisa. Lakini alikuwa ananitazama na ule uso wake, mchovu, na mimi nikaogopa kumwona akiogopa. "Kimechoka tu, Mama. Nesi anasema ni vizuri ukaonwe hospitali."

"Kama kimechoka kitapumzika," akasema. "Kule sirudi. Nitangoja hapa pafunguliwe." Nikambembeleza, akanigeuzia mgongo. Nikajifariji kwamba nimejaribu.

Siku ya kikao ikafika. Nilizigawa nakala mwenyewe, meza hata meza. Vikombe vikawekwa juu yake. Mwenyekiti akaanza, jicho moja kwenye simu.

"Ukurasa wa kwanza?"

"Sawa!"

"Wa pili?"

"Sawa!"

"Wa tatu?"

"Sawa!"

Nilimwona Seremala akifunua. Nadhani aibu ya mwezi uliopita ilikuwa bado inamwasha, akataka kujiona alivyoandikwa. Akafika wa nne. Akasoma midomo ikicheza. Akarudia. Kisha akainua kichwa, akanitazama moja kwa moja, na mimi nikajua nimekwisha, mtu huyu mkweli atasimama na kuuliza.

"Ukurasa wa nne?" akasema Mwenyekiti.

"Sawa!" Seremala akapaza sauti kuliko wote, mpaka jirani yake akashtuka. Wenzake wakaitikia nyuma yake.

Wa tano sawa, wa sita sawa. Mwenyekiti akatia saini bila kuketi vizuri, mimi nikagonga muhuri, na kabla hawajamaliza chai yao ukurasa wa nne ulikuwa ubaoni nyuma ya kioo, na ufunguo wa kioo mfukoni mwangu.

Siku ya kwanza walisoma watu watatu. Siku ya pili wakajaa mpaka barabarani. Bango la picha ya familia walikuwa wamelitazama mwezi mzima wasielewe wamefanywa nini. Wengine walidhani kweli nesi mpya anakuja majumbani. Maneno "limeamua kufunga" waliyaelewa papo hapo. Mama mmoja mzito, mkwe wa diwani fulani, alisoma jina la mkwewe kwa sauti, akarudia, kisha akauambia umati kwamba mkwewe huyo leo atafute pa kulala, maana kwa binti yake halali. Watu wakacheka, lakini kicheko cha hasira.

Mwenyekiti akaitisha kikao cha dharura Ijumaa. Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa upande wa barabara, na kila dirisha lilikuwa na vichwa kumi. Akasimama.

"Huu ni upotoshaji! Baraza hili halijafunga zahanati yoyote! Nani amesema tumefunga? Hatujafunga, hatufungi, wala hatuna mpango wa kufunga!"

Angeweza kusema kumbukumbu zina makosa. Lakini angeulizwa, basi ulisaini nini? Ingembidi akiri mbele ya madirisha yale kwamba hasomi anachosaini, yeye na wenzake wote. Hilo lilimshinda. Akaendelea kupiga kelele, na mfa maji haachi kutapatapa. Neno kufunga alilitaja mara kumi na moja. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu. Bwana Taswira alimpelekea kikaratasi, akamvuta koti, akamwonyesha ishara ya kukata shingo, wapi! Tabasamu lilikuwa limemtoka. Mwanafunzi wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenziwe.

Hapo Seremala akasimama, na vumbi lake kwenye nyusi. Safari hii alikuwa na karatasi aliyoiandika kwa penseli bapa ya kazini kwake.

"Mwenyekiti, nimefurahi sana. Naleta hoja. Jina lake ni Hoja ya Kuthibitisha Kwamba Zahanati Haijafungwa."

Mwenyekiti akatazama madirisha. Madirisha yakamtazama.

"Kuna mheshimiwa anayepinga?" Seremala akauliza, kwa upole kabisa. "Anayepinga ataje hoja kwa jina lake, kama kanuni inavyotaka."

Nani anyooshe mkono aseme anapinga kwamba haijafungwa, na mama mkwe wake yuko dirishani? Wakanyoosha mikono ya kukubali, ishirini yote, wengine mikono miwili.

"Ahsanteni," akasema Seremala. "Karani aandike. Na kwa kuwa haijafungwa, Jumatatu saa mbili asubuhi tutaukuta mlango wazi na Nesi ndani. Kama si hivyo, tutakuja hapa kuuliza ni nani aliyeifunga."

Nje wakapiga vigelegele. Mimi niliandika. Sijawahi kuandika kitu kitamu namna ile.

Barua yangu niliikuta mezani kabla sijaenda nyumbani. Ilikuwa na maneno ya heshima. Baraza linathamini mchango wangu wa miaka kumi na minne, na katika kuboresha utendaji limenifungulia nafasi ya kujiendeleza nje ya utumishi wake. Niliisoma mara mbili, nikakumbuka ile safu ya kulia niliyoichapa mwenyewe. Kufungua nafasi. Ndiyo hivyo, nimebomolewa. Nyumbani nikamwambia Mama nimepewa likizo. Akasema vizuri, nipumzike.

Jumatatu saa mbili kasoro tulitoka. Alikuwa mzito mkononi mwangu, na hakuhesabu hatua, nadhani maumivu yalimkatisha. Mlango ulikuwa wazi. Lile bango walikuwa wamelibandua, ukutani umebaki mraba mweupe. Nesi alituona kutoka ndani akaja mbio, akamkalisha Mama kwenye kile kiti cha zamani, akampandisha mguu kwenye kigoda. Watu waliokuwa kwenye benchi wakatupisha. Mmoja akanisalimia kwa kunipigia makofi, na mimi nikaona fahari, sikatai. Nilisimama pale kifua mbele.

Nesi akafungua bandeji. Akanusa. Akaniangalia mimi kwanza, si Mama, na jicho lake halikuwa la urafiki.

"Nilikwambia umlete. Siku nane zilizopita nilikwambia."

"Alikataa," nikasema.

Mama akatugeukia sote wawili. "Kuna nini? Nesi, kikoje?"

Nesi akaninyooshea kidevu. Aliona ni haki yangu kusema, au adhabu yangu. Nikapiga magoti mbele ya kigoda. Kidole chote kilikuwa cheusi, mpaka shina lake. Nikaanza, "Mama, kidole hiki, itabidi kule hospitali wakusaidie, wakipunguze kidogo ili mguu upate nafasi ya…"

"Wee!" Mama akanikatiza. "Na wewe umeanza kunisogezea? Kinakatwa au hakikatwi?"

"Kinakatwa."

"Kimekufa?"

"Kimekufa, Mama."

"Lini?"

Sikuweza kuinua uso. "Siku ile niliyokuambia kimechoka, kilikuwa kinakufa."

Mama aliweka mkono wake juu ya goti la mguu ule uliokanyaga cherehani miaka thelathini. Hakulia.

"Ungeniambia kinakufa," akasema, "ningekwenda hospitali hata kwa kutambaa. Mimi nilikataa kupeleka uchovu."

Nesi akamfunga bandeji nyingine ya kusafiria, akasema tuwahi magari kabla jua halijawa kali, na tuombe Mungu wakate kidole peke yake. Akamwandikia karatasi, akaandika wazi kabisa, kwa herufi kubwa. Nikamwinua Mama, nikamshikisha mkongojo. Mlangoni akasimama kuvuta pumzi.

"Na hiyo likizo yako," akasema bila kunitazama, "ni likizo gani?"

"Si likizo. Nimefukuzwa kazi."

"Haya," akasema. "Nishike vizuri, twende."